Kambarage Anaanza Shule

Januari mwaka huu nilikuwa bado nyumbani Bunda. Mapumziko ya Krismasi yalikuwa yanaelekea ukingoni, bumu lilishakata siku nyingi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kula ugali wa dada yangu. Asubuhi moja dada akaniambia nimpeleke mwanaye shule. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya darasa la awali, lile ambalo sisi tulikua tukiliita vidudu.

Mtoto ana miaka mitano. Amelelewa na bibi yake kijijini Ikizu, mjini ameletwa Desemba, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Njiani aliongea sana, Kiikizu mtindo mmoja, akinionyesha kila mbuzi. Tulipofika getini akanyamaza na kunishika suruali. Mwalimu, ambaye alikuwa na watoto wengi kupita kiasi na mikono miwili tu, akaniambia nimwache, atazoea. Nikamwacha. Niliondoka haraka kama mtu anayekwepa deni dukani.

Jioni mtoto alirudi na sare imelowa. Alikuwa amebanwa, hakujua aombe vipi kwenda chooni kwa Kiswahili, na kwa Kiikizu hakuthubutu.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nasomea ualimu, jamani. Nimeandika asaimenti za saikolojia ya mtoto, nimepata na maksi nzuri, halafu nimemwacha mtoto wa dada yangu getini kama mzigo wa stendi. Nikajikuta namfikiria mtoto mwingine wa huku kwetu Mara, ambaye naye alipelekwa shule bila kujua Kiswahili. Jina lake alikuwa Kambarage. Sote tunamjua kwa majina ya baadaye: Julius Nyerere, Mwalimu, Baba wa Taifa. Picha yake tunayoizoea ni ya mzee mwenye kifimbo. Mimi naomba leo tumtazame akiwa na miaka 12, siku anaanza darasa la kwanza.

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi. Mwanzoni mtoto alipewa jina la Mugendi, ambalo linahusu mtu wa kutembea. Baadaye akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha kweli kweli. Ukiangalia maisha yake, majina yote mawili yalimfaa, ila lile la kwanza ndilo lililomfuata zaidi. Huyu bwana alikuja kutembea.

Kwa miaka 12 hakwenda mbali. Aliishi kwa mama yake, akachunga mbuzi, akafuatana na wakubwa porini, akakaa karibu na wazee wakizungumza mambo ya utemi. Lugha ilikuwa Kizanaki. Hapakuwa na kitabu wala ubao. Lakini palikuwa na bao.

Nisisitize kidogo hapa kwenye bao, maana wengine mnalidharau mkidhani ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Ukicheza bao unahesabu kete bila kuzigusa. Unapiga hesabu ya mizunguko ambayo bado haijatokea. Unamsoma mwenzako usoni, unasubiri zamu yako, unashindwa mbele za watu na unaanza upya. Mtoto anayecheza bao vizuri ameshasoma hesabu, subira na nidhamu kabla ya kuiona chaki. Ninyi wa kitivo cha elimu mtanielewa.

Basi, alikuwepo Mtemi Ihunyo wa Busegwe, rafiki wa mzee Burito. Inasimuliwa kwamba akija Butiama alikuwa akicheza bao na Kambarage, na akagundua kwamba huyu mtoto ana akili zisizo za kawaida. Akamshauri Burito ampeleke shule. Wakati huo serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa inataka watoto wa watemi wasomeshwe ili waje kusaidia utawala wake. Burito akakubali.

Kwa mtoto, hii si habari ndogo. Mtu mzima aliyemjua, aliyewahi kukaa naye chini na kucheza naye, ndiye aliyesema huyu anaweza. Shule haikumwangukia Kambarage kutoka kwa mgeni. Ililetwa na rafiki wa baba yake, mtu wa bao.

Mwaka 1934 akaenda Musoma, Shule ya Mwisenge. Mwaka jana nilikuwa field Musoma mjini, na bodaboda yangu ya kila asubuhi ilipita pale. Shule ipo hadi leo, watoto wanakimbia uwanjani na masweta yao, na ukitembea kidogo tu unaliona ziwa. Kutoka Butiama hadi pale ni zaidi ya kilomita 40. Leo unapanda gari Butiama, unatokea Makutano, unashika lami, na kabla hujamaliza kuchati umefika. Mwaka 1934 kilomita 40 zilikuwa nchi nyingine. Na Mwisenge ilikuwa ya bweni, kwa hiyo jioni hakukuwa na kurudi kwa Mama Mgaya.

Hebu jiweke pale. Una miaka 12, unatoka kwenye mji wa baba yako ambako kila mtu anakujua wewe ni wa nyumba gani. Unafika mahali ambapo watu wanaamka kwa kengele, na ukiitwa hujui umeitwa kufanya nini, kwa sababu Kiswahili hukijui. Ndiyo, yule ambaye baadaye aliwafundisha Watanzania kujivunia Kiswahili aliingia darasa la kwanza akiwa hakijui. Kingereza ndiyo usiseme.

Kwa hesabu ya atazoea, huyu mtoto alitakiwa kupotea. Hakupotea. Kozi ya miaka minne ya pale aliimaliza kwa mitatu, mwaka 1936 akafanya mtihani na kufaulu vizuri sana, na 1937 akaingia Shule ya Serikali Tabora, iliyokuwa juu kabisa kwa vijana wa Kiafrika katika Tanganyika nzima. Tukitaka tunaweza kusema alikuwa kipaji tu, tukafunga mjadala. Lakini vipaji vinavyokufa darasa la kwanza ni vingi, hatuvijui kwa sababu havikufika popote. Kwa hiyo mimi nauliza, Mwisenge alishikwa mkono na nani?

Wa kwanza ni rafiki. Kambarage alikuwa na mwenzake, Mang'ombe Marwa. Walifuatana hata kwenye mafundisho ya dini ya misheni, na huo ukawa mwanzo wa safari ambayo mwaka 1943 ilimfanya abatizwe kwa jina la Julius. Mtu mzima ukihamia mji mpya unatafuta kwanza mtu mmoja wa kwenu, siyo? Hata hapa chuoni, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, nani hakutafuta mtu wa mkoa wake pale kwenye vimbweta? Mtoto naye ndivyo. Akiwa na mwenzake mmoja tu anayemwelewa, hofu inapungua nusu nzima.

Wa pili ni mwalimu. Mwisenge palikuwa na mwalimu mmoja anaitwa James Irenge, ambaye alimfundisha Kambarage na akamwona. Nasema akamwona kwa maana ile ya kuona mtoto mmoja kati ya wengi. Mwalimu Irenge aliishi miaka mingi baada ya hapo, akajulikana nchi nzima kama mwalimu wa Mwalimu. Watu wachache wanapata heshima kama hiyo, na yeye hakuipata kwa kuandika kitabu. Aliipata kwa kufundisha shule ya msingi Musoma.

Wa tatu ni Mama Mgaya, na ile miaka 12 ya nyumbani. Kambarage hakuja Mwisenge mtupu. Alikuwa na lugha moja kamili kichwani, na mwenye lugha moja kamili hujifunza ya pili haraka, kwa sababu vitu vyenyewe anavijua tayari, anatafuta majina tu. Alijua kujihudumia, kuvumilia njaa kidogo, kukaa na wasio ndugu zake wa tumbo moja. Katika mji wenye akina mama 22 utajifunza tu.

Miaka iliyofuata niipitishe haraka, maana inaandikwa kila Oktoba. Tabora hadi 1942, mwaka ambao baba yake alifariki. Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akatoka na diploma ya ualimu. St. Mary's Tabora, akifundisha. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskochi, akarudi 1952 na digrii. Mwaka 1953 akaoa, akaanza kufundisha Pugu. Julai 1954 ikazaliwa TANU, yeye ndiye rais wake. Machi 1955 akaacha kazi ya ualimu ili asichanganye darasa na siasa. Kila kituo hapo ni siku ya kwanza ya shule kwa namna yake: chakula kipya, baridi mpya, lugha mpya, na mtu wa kutoka Butiama anasimama mlangoni tena.

Kipo kipande kimoja cha 1955 ambacho hakisimuliwi sana. Alipoacha kazi Pugu alirudi nyumbani kwa miezi kadhaa, hana mshahara. Akapata shughuli ya kumfundisha Kizanaki padre mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll, na kusaidia kutafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Mimi kipande hiki kinanichekesha na kunifurahisha. Miaka 21 baada ya mtoto wa Butiama kukaa Mwisenge haelewi kinachosemwa, msomi wa Edinburgh anamkalisha chini mgeni asiyejua lugha ya pale, anaanza naye neno moja moja. Alijua mtu huyu anajisikiaje. Na miaka minane baadaye, 1963, akiwa Rais, akatoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, kwa Kiswahili kile kile ambacho hakuwa nacho siku ya kwanza ya shule.

Sasa tuje kwenye madaraka, maana huku ndiko mambo yanakuwa mazito. Machi 1967 alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunalikumbuka kwa mashamba ya shule na majembe. Ndani yake kuna hoja nyingine ambayo watu wanairuka: umri wa kuanza shule. Mwalimu hakupenda watoto waanze darasa la kwanza wakiwa na miaka mitano au sita. Alitaka umri upandishwe waanze wakubwa zaidi, ili wajifunze kwa haraka na wanapomaliza shule ya msingi wawe wamekomaa, wanaweza kuingia katika maisha ya kijiji. Umri wa miaka saba ukawa ndio wa kuanza. Kiswahili nacho kikawa lugha ya shule za msingi zote.

Hakuandika kwamba alikuwa anakumbuka Mwisenge. Mimi ndiye ninayeona kivuli cha mtoto wa miaka 12 pale. Mtu aliyeanza shule akiwa na kimo cha kutosha kubeba sanduku lake mwenyewe anaona kabisa kwamba kumwahisha mtoto si lazima kumsaidia.

Halafu likaja Azimio la Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ule ule. Sisi wanachuo tunalijua azimio hilo kwa upande wetu: baada ya hapo mtu alitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Upande wa pili ulihusu wadogo. Iliamuliwa kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule aingizwe shuleni ifikapo mwaka 1977. Nchi ikafanya. Madarasa yakajengwa kwa nguvu za wananchi, mengine yakaanzia chini ya miti. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kuwa walimu wakiwa kazini, ndio wale wazee wetu wanaowaita walimu wa UPE.

Hapa sitaki kumpamba Mwalimu. Mlango aliufungua, na bila mlango ule mimi na wewe pengine tusingekuwa tunasoma gazeti hili, tungekuwa tunachunga. Lakini kilichomsaidia yeye pale Mwisenge hakikuweza kugawiwa kwa azimio. Mtemi Ihunyo alikuwa mmoja. Mwalimu aliyepewa watoto 70 au 80 hakuwa na namna ya kumwona Kambarage wake, hata kama alikuwepo safu ya nyuma, kimya, hajui aseme nini. Shule iliongezeka haraka kuliko mikono ya kuwapokea watoto. Deni hilo bado tunalo.

Kwa walio chini ya miaka saba palikuwa na vituo vya vijijini vya kulelea watoto mchana, ambavyo mwaka 1981 vilitungiwa sheria yake. Uji, nyimbo, na mama mmoja au wawili wa kijiji kuwaangalia. Wataalamu wanaweza kuvidharau, ila kitu kimoja kilikuwa sawa: aliyempokea mtoto alikuwa mtu wa pale pale, anayejua jina la bibi yake. Sera ya Elimu ya 2014 ikaja kuweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na madarasa hayo yapo ndani ya shule zetu za msingi. Kwa hiyo mtoto wa sasa hangoji miaka 12 wala saba. Anafika na mitano, na pengine amebeba Kizanaki, Kijita, Kikurya au Kiikizu peke yake. Mizigo ya Kambarage ya 1934, mabega ya mtoto wa vidudu.

Njia zipo na zimejaribiwa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi mikoa kadhaa na Mara ikiwemo, ulikuwa na mafunzo ya utayari wa kuanza shule: wiki kadhaa za hadithi na michezo kwa watoto ambao hawakupata darasa la awali, wakiongozwa na vijana wa kijiji kile kile, ili Kiswahili na kukaa darasani visiwe vigeni siku ya kufungua shule. Ukiangalia vizuri, ni Ihunyo na bao lake hao, wamewekewa ratiba.

Nirudi Bunda. Asubuhi ya pili sikumwacha mtoto getini. Usiku wake tulicheza shule: mimi mwanafunzi, yeye mwalimu. Kila nilipotaka kwenda chooni nilinyoosha mkono na kuomba ruhusa kwa Kiswahili, naye akacheka mpaka akalala chini, halafu tukabadilishana. Mtoto wa jirani wa darasa la pili, ambaye na yeye ana bibi Ikizu, akakubali kuongozana naye. Tulipofika niliingia naye ndani, nikamwonyesha choo kilipo, nikamwonyesha mahali pa kuweka chupa ya maji. Nilimweleza mwalimu, kwa adabu, kwamba huyu anaelewa ila lugha ndiyo inamsumbua, akisimama bila kusema kitu amuulize kama amebanwa. Mwalimu hakukasirika hata kidogo. Alisema angependa kila mzazi amwambie hivyo. Nilimuaga mtoto nikimtazama usoni, nikamwambia nitarudi saa ngapi, na saa hiyo hiyo nikawepo.

Alilia siku ya pili. Ya tatu pia alilia, kidogo. Wiki iliyofuata dada aliniambia kwenye simu kwamba ameanza kuamka kabla ya kuamshwa.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima na kucheza bao na wanakijiji. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama, hatua chache kutoka alipokulia. Kila Oktoba tunamkumbuka kwa hotuba na midahalo, na ni sawa. Mimi nina ombi dogo kwenu wanachuo wenzangu, hasa wale mtakaopangiwa shule za vijijini. Januari inakuja tena. Kwenu kuna mtoto wa ndugu, wa jirani, wa mpangaji, ambaye anaanza vidudu. Mpeleke wewe. Ingia naye ndani, mwambie mwalimu anaitwa nani na anaongea lugha gani, na usiondoke mpaka ajue choo kilipo.